Disketi Iliyokwenda Kibua

Februari 2002, Goma nzima ilikuwa na majivu. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari. Lava ikashuka kupitia katikati ya mji, ikameza mitaa ya biashara, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia ndani ya Ziwa Kivu. Tuliokimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, tuliporudi tulikuta mawe ya mtaani bado yana moto chini yake, na vumbi la chengachenga limeingia katika unga, katika vitasa vya milango na ndani ya kompyuta.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa fundi mmoja aliyekuwa na chumba cha mbao upande ambao lava haikufika. Kazi yangu ilikuwa kupuliza. Nilifungua kasha, nikasugua kwa brashi ya kuchorea, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, kisha nikamwita mkubwa wangu aje kuona kama mashine itafufuka. Nyingi zilifufuka. Zilizokataa ziliwekwa pembeni na kugeuka duka letu la vipuri.

Asubuhi moja papa mmoja, yaani mzee, alifika na kijana anayesukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na juu ya chukudu kompyuta imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Alikuwa mwenyeji wa Kibua, kwenye ile njia ya kutoka Masisi kwenda Walikale, ukishapita Nyabiondo na Kashebere. Alikuwa mnunuzi wa madini ya koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ilipopanda kwa wazimu, kutoka chini ya dola 50 kwa ratili hadi kupita dola 300 huko Ulaya na Marekani, alinunua kompyuta iliyotumika, imetokea Kampala, ili aandike hesabu zake. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Kompyuta ilibaki, na sasa nayo ilikuwa imekufa.

"Mwanangu, imekufa kabisa ao imezimia tu?" aliniuliza. Nikamjibu, "Imezimia, papa," ingawa sikujua.

Ilikuwa Pentium ya megahezi 133, diski yake ngumu ikigonga kama saa mbovu. Tulibadilisha diski. Sasa mashine ilikuwa nzima lakini tupu. CD moja tu ya Windows ilizunguka mtaani kwetu, ya kunakili, na kila aliyewekewa aliachiwa kirusi. Mkubwa wangu alikuwa na CD za Linux, Red Hat 7.2, alizoletewa kutoka Kampala. Tatizo ni kwamba mashine ile ilikuwa ya zamani. Bayosi yake, yaani ile programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu na inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, haikujua kuanza na CD. Ilijua milango miwili tu: diski ngumu na disketi. Na diski ngumu ilikuwa tupu.

"Tengeneza disketi ya kuamshia," mkubwa aliniambia, akaenda sokoni.

Niliingiza CD katika mashine yetu ya kazi, nikatafuta folda ya imeji, nikaona faili boot.img. Nikaingiza disketi mpya, nikaivuta faili kwa kipanya na kuidondosha kwenye A, yaani kisomeo cha disketi, kama barua ya kawaida. Kompyuta ikaniambia disketi haina nafasi. Nikajaribu ya pili. Ya tatu. Zote mpya, zote tupu, zote hazina nafasi. Nikawalaani walioziuza.

Aliporudi, mkubwa hakunicheka. Alichukua kalamu, akaandika hesabu nyuma ya risiti: traki 80, pande 2, sekta 18 kwa kila traki, baiti 512 kwa kila sekta. Jibu ni 1,474,560. Ndio ukubwa kamili wa ile faili, baiti kwa baiti. Akaandika tena: disketi ikishafanyiwa fomati, nafasi inayobaki kwa mafaili ni 1,457,664. Tofauti ni sekta 33. Moja ni ya kuamshia, 18 ni za jedwali linaloonyesha kila faili limekaa wapi, likiwa katika nakala mbili, na 14 ni za orodha ya majina. Nyumba ina kuta, na kuta nazo zinakula kiwanja. Mimi nilikuwa najaribu kuingiza nyumba nzima, na kuta zake, ndani ya nyumba nyingine ya ukubwa uleule.

Imeji ya diski, alieleza, haiwekwi *ndani* ya disketi. Ndiyo disketi yenyewe: nakala ya kila sekta, kuanzia ya kwanza hadi ya 2,880, iwe ina kitu au haina. Inahitaji programu ambayo haiulizi majina wala nafasi, inayoandika tu kwa mpangilio kuanzia sekta ya kwanza na kufuta kila kilichokuwapo. Kwenye DOS programu hiyo iliitwa RAWRITE, na ilikuwa kwenye CD ileile, katika folda niliyoipita bila kuitazama. Kwenye Unix na Linux watu walitumia dd, amri fupi yenye sifa mbaya, kwa kuwa ukikosea herufi moja itaandika juu ya diski yako kuu bila hata kukuuliza.

Hapa ninaiacha Goma kidogo, maana nilichukua miaka kuelewa kwa nini ilikuwa lazima disketi ndiyo iamshe mashine. Wengi wetu tuliijua disketi kama mkoba wa kubebea barua na kazi za shule. Haikuzaliwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1967, katika maabara ya IBM ya San Jose, California, kikundi cha wahandisi chini ya David Noble kilipewa kazi iliyoonekana ndogo. IBM ilikuwa inatengeneza kompyuta kubwa za familia ya System/370, na maagizo ya ndani kabisa ya mashine hizo yangewekwa katika kumbukumbu za aina mpya zinazosahau kila kitu umeme ukikatika. Kwa hiyo kila asubuhi mashine ingehitaji kufundishwa upya kwamba yenyewe ni kompyuta. Kilitakiwa kitu cha bei nafuu, cha kutumwa kwa posta kwa wateja kila maagizo yanapobadilika. Walijaribu njia kadhaa, hata mkanda wa sumaku, wakaishia na kisahani laini cha plastiki cha inchi 8 kilichopakwa sumaku. Kilikuwa kinasomwa tu, hakiandikwi na mteja, na kilibeba takriban kilobaiti 80.

Mwanzoni kisahani kilikuwa uchi. Vumbi likakishinda. Wakakitia katika bahasha, na ndani ya bahasha wakabandika kitambaa laini kinachokifuta kila kinapozunguka. Kitambaa hicho kilikaa ndani ya kila disketi iliyotengenezwa baadaye, hata zile ngumu za inchi 3.5 ambazo sisi tulizivunja utotoni kuona kilichomo. Katika Goma ya mwaka 2002, kitambaa kile ndicho kilichokuwa kinapigana na Nyiragongo kwa niaba yetu.

Kifaa cha kwanza cha kusomea kiliingia kazini mwaka 1971, na ndani ya IBM kilipewa jina la Minnow, samaki mdogo. Sisi wa Kivu tungekiita sambaza. Kwa hiyo disketi ilizaliwa kuwa kiberiti. Mambo ya kuhifadhi barua yalikuja baadaye: inchi 5.25 ya Shugart mwaka 1976, inchi 3.5 ya Sony mwaka 1981, na ile ya "megabaiti 1.44" tuliyoizoea wote mwaka 1987. (Hiyo 1.44 yenyewe ni hesabu ya kihuni: 1,440 mara 1,024, nusu kwa desturi ya elfu na nusu kwa desturi ya mbili-mbili. Hakuna kipimo hata kimoja duniani kinachokubaliana nayo.)

Kompyuta ndogo za mezani zilipokuja, zilirithi tabia ya babu yao. Ukiwasha, bayosi inajikagua, halafu inatazama mlango wa disketi. Ikikuta disketi inachukua sekta ya kwanza tu, baiti 512, inaiweka kwenye kumbukumbu na kuiachia usukani. Haiulizi hati. Kinachotakiwa na bayosi nyingi ni baiti mbili za mwisho zenye alama ya 55 na AA. Yeyote aliyeandika sekta ile ndiye mwenye mashine kuanzia hapo.

Watu wabaya walielewa hili mapema. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi Brain, kilichokaa katika sekta hiyo ya kwanza na kuzunguka dunia ndani ya disketi za inchi 5.25. Baadaye vikaja Stoned kutoka New Zealand na Michelangelo, kilichotisha ulimwengu tarehe 6 Machi 1992. Havikuhitaji mtandao. Vilihitaji mtu asahau disketi ndani ya mashine jioni na kuiwasha asubuhi. Katika nchi zetu, ambako simu zilikuwa chache na disketi moja ilipita mikono kumi, hilo lilitosha kabisa. Na anayenakili disketi sekta kwa sekta ananakili na kirusi chake, kwa uaminifu mkubwa.

Kisa kinachoigusa Afrika Mashariki kwa karibu ni cha Desemba 1989. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi nyingi, baadhi zikiwafikia watu walioshughulika na utafiti wa ukimwi. Zilidai kuwa na maswali ya kupima uwezekano wa mtu kuambukizwa, na maswali kweli yalikuwamo. Lakini programu ile ilijipenyeza katika faili linalosomwa kila kompyuta inapoamka, ikakaa kimya ikihesabu. Ilipofika mara ya 90 hivi ya kuwashwa, ilificha folda, ikavuruga majina ya mafaili, na kumtaka mwenye mashine atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Ndio utekaji nyara wa kwanza wa data unaojulikana.

Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabaiolojia Mmarekani aliyefanya kazi Kenya. Mwezi uleule wa Desemba alikuwa Nairobi kwenye semina ya Shirika la Afya Duniani kuhusu ukimwi. Akiwa njiani kurudi, kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, aliandika juu ya mzigo wa abiria mwingine kwamba Dk Popp amelishwa sumu, na hapo polisi wakaanza kumtazama. Alikamatwa Ohio, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba akili yake haimruhusu kusimama mahakamani. Disketi zilikuwa zimetumwa, na daktari aliyepoteza kazi ya miaka hakusaidiwa na hukumu hiyo. Dawa aliileta Jim Bates, Mwingereza aliyeichambua programu ile na kuandika nyingine ya kuifuta na kurudisha majina. Namna salama ya kuanza tiba ya mashine yoyote yenye shaka ilikuwa ileile ya siku zote: zima kabisa, ingiza disketi safi iliyozuiwa isiandikwe, washa kutoka hapo. Mwizi na askari waliingilia mlango mmoja.

Miaka hiyohiyo wanaharakati na madaktari wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walikuwa wakianza kutumiana barua kwa kompyuta: kwa Fido, mtandao uliolala mchana na kupiga simu usiku, na kwa HealthNet ya SatelLife, shirika la daktari wa moyo Bernard Lown, iliyotumia setilaiti ndogo inayopita juu mara chache kwa siku. Tanzania ilikuwa na kibarua cha ziada, kwa sababu tangu mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali.

Imeji za disketi nazo zilipata kazi mpya Helsinki. Agosti 1991 mwanafunzi Linus Torvalds alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi, kama burudani. Ukitaka kuujaribu mwanzoni mwa mwaka 1992 ulichukua imeji mbili, ukaziandika kwenye disketi mbili. Ya kwanza iliitwa boot, iliamsha kiini cha mfumo. Kiini kikishaamka kilisimama na kukuomba utoe hiyo, uingize ya pili, root, yenye amri na mafaili. Mfumo mzima mkononi, mfuko wa shati ukatosha. Mwaka 1993 Slackware ya Patrick Volkerding ilikuja kwa mafungu ya disketi yenye herufi, na mtu aliyeitaka yote aliandika rundo zima huku akiomba Mungu ya mwisho isiwe mbovu. Bila mtindo huo wa imeji, sidhani Linux ingefika vyuo vyetu mapema hivyo. Laini ya simu iliyokatika kila dakika kumi isingeleta mfumo endeshi, lakini msafiri wa basi la Kampala aliweza.

Turudi kwenye chumba cha mbao. Jenereta ya jirani iliwashwa saa kumi na mbili jioni; tulilipia saa mbili za umeme. Nikaandika jina la programu, nikaandika njia ya imeji, nikaandika A, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Anayekumbuka sauti ile hahitaji maelezo: mkwaruzo mfupi kila kichwa kinaporuka traki, kama panya ndani ya kabati la vikombe. Kuandika huchukua dakika moja na ushee. Ilipofika katikati sauti ikabadilika, ikaanza kurudiarudia mahali pamoja, kisha kosa. Sekta mbovu.

Mkubwa aliitoa disketi, akavuta kile kidirisha cha chuma, akaielekeza kwenye taa. Mstari mwembamba ulizunguka kisahani chote, umechorwa na chembe moja ya jivu iliyonasa kwenye kichwa cha kusomea. Akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa kichwa. Disketi ya pili ikafika mbali zaidi, ikafa. Ya tatu ikamaliza. Imeji haivumilii kama barua. Ukikosa sekta moja kati ya 2,880, huwezi kujua ilikuwa na nini.

Tuliiingiza katika mashine ya papa. Ikajikagua, ikakwaruza, kioo kikawa cheusi muda ambao ulitosha mimi kukata tamaa, kisha maandishi yakaanza kuteremka. Kiini kilipoamka kikaiona CD chenyewe, na kuanzia hapo disketi haikuwa na kazi tena. Ikatolewa bado ina joto.

Papa alikuwa ameketi kwenye kreti la bia muda wote. Kasha likiwa wazi, mkubwa alimwonyesha kwa bisibisi vitone vya manjano vilivyojipanga kwenye ubao. "Hizi ni kapasita za tantalamu. Koltani yako, papa, mwisho wake ni hapa." Akamwonyesha na risasi ya kulehemu inayong'aa kwenye kila mguu wa chipu: sehemu 63 bati, 37 risasi, na bati ndilo lile wanalolipata katika kasiterite ya Walikale. Papa aliinama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kitone kimoja kina gramu ngapi, na mkubwa akacheka akashindwa kujibu. Kusema kweli mashine ile ilitengenezwa kabla papa hajanunua hata mfuko mmoja, na wakati huo mzalishaji mkubwa wa tantalamu duniani alikuwa Australia. Lakini sikuona sababu ya kumharibia jioni.

Alipoondoka tulimpa disketi ya kuamshia aende nayo, maana diski ngumu ikimchezea huko hakuna fundi. Mkubwa aliiandika kwa kalamu nyekundu AMSHA, akafungua kidirisha cha kuandikia ili isiandikwe tena, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga ya Nido pamoja na punje za mchele za kunyonya unyevu. Ukungu wa milima ya Masisi hula sumaku polepole.

Wakati huohuo, kwingine, disketi ilikuwa inazikwa. Mwaka 1995 wahandisi wa Phoenix na IBM waliandika kanuni ya kuwezesha kompyuta kuamka kwa CD, wakaipa jina la mkahawa wa California, El Torito. Njia yao mojawapo inanifurahisha hadi leo: ndani ya CD huwekwa imeji ya disketi nzima, na bayosi hudanganywa iamini kwamba kuna disketi mlangoni. Baadhi ya CD za Windows na Linux tulizotumia baadaye zilikuwa na disketi ya 1.44 imejificha tumboni. Apple iliondoa mlango wa disketi kwenye iMac mwaka 1998. Sony iliacha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011. Siku hizi tunaandika imeji kwenye flashi, na programu zenyewe zinafanya kazi ileile ya RAWRITE: sekta ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuuliza.

Kibua nayo ilipita mengine. Mwaka 2009, majeshi ya Kongo na Rwanda yalipoendesha operesheni Umoja Wetu dhidi ya waasi wa FDLR, jina lake lilisikika katika habari za redio za mbali, na wenyeji wengi walikuwa msituni. Sikumsikia papa kwa miaka.

Kopo la Nido lilirudi Goma likiletwa na mwanawe, kijana mzima sasa, aliyekuja kusoma. Kompyuta ilikwisha kuibwa, alisema, mara ya pili walipokimbia. Kopo lilikuwa kwenye mfuko wa mama pamoja na vyeti. Hakujua ni nini hasa, ila baba aliwaambia wasilitupe. Mchele ulikuwa umegeuka unga wa kijivu. Wino mwekundu ulikuwa umefifia lakini AMSHA ilisomeka.

Nilitafuta kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa USB, nikapangusa kichwa chake kwa pamba na spiriti, nikafanya kinyume cha nilichofanya usiku ule: dd, lakini kutoka kwenye disketi kwenda kwenye faili. Kijana alikaa pembeni yangu, na ule mkwaruzo ulipoanza alishtuka akadhani nimeiharibu. Sekta 2,878 zilisomeka. Mbili zilikataa, zote katika traki moja, na nilizirudia hadi kisomeo kikapata joto. Faili lililotoka lina baiti 1,474,560, mbili kati ya sekta zake nimezijaza sifuri. Nimelihifadhi kwenye folda moja na picha aliyonitumia baadaye kwa simu, ya pikipiki imezama kwenye tope la barabara ya Kashebere. Picha ina uzito mara tatu ya disketi.